Dodoso la Kiingereza kwa watoto wasiojua Kiingereza: hii ndiyo risechi ya mwaka wa tatu?

Wakuu, nimetoka ofisini kwa sapavaiza sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za jengo la idara, mikono inatetemeka, kwa hiyo mtanisamehe nikikosea herufi.

Mimi ni mwaka wa tatu, ualimu, somo la kufundishia Kiingereza. Chuo sikitaji. Novemba mwaka jana nilipeleka wazo langu: nikusanye insha za kidato cha pili, niangalie wanavyokosea "in", "on" na "at". Kadogo, najua, lakini kana mashiko. Sisi tuna "-ni" moja tu: mezani, chumbani, sokoni, kitandani. Mtoto anaingia kidato cha kwanza na "-ni" yake kichwani, anakuta Waingereza wameigawa vipande vitatu na hakuna aliyewahi kumweleza. Ndiyo unakuta "the book is in the table". Kwake kitabu kiko mezani, basi. Corder, mtaalamu wa isimu, aliandika tangu 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi yanaonyesha anavyojifunza lugha. Tumeyasoma hayo mwaka wa pili na tukayafanyia UE, mtihani wa mwisho wa semesta.

Jibu? Mada ndogo mno, haitoi malengo mahususi matatu. Basi nikaleta ile mnayoijua wote, iliyojaza rafu nzima ya maktaba: sababu za wanafunzi wa sekondari kufanya vibaya katika Kiingereza, wilaya fulani. Unabadilisha jina la wilaya tu. Propozo ikapita wiki hiyo hiyo.

Barua za utambulisho (mkoani, wilayani, kwa mkuu wa shule) sizilalamikii. Zilinila nauli lakini ndio utaratibu.

Nikafika shuleni. Kidato cha pili mikondo miwili, watoto 74. Idara inataka sampuli kwa fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa uchukue watu wangapi, kosa asilimia 5. Piga hesabu: 74 gawanya kwa 1.185 (yaani 1 jumlisha 74 mara 0.05 mara 0.05), unapata 62. Maana yake watoto 12 niliwatoa nje ya darasa kwa amri ya Yamane. Wakadhani wameadhibiwa. Mmoja akaniuliza dirishani, "Mwalimu, sisi tumekosa nini?" Nilikosa la kumjibu.

Sasa njoo kwenye dodoso lenyewe. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, kuanzia "strongly agree" mpaka "strongly disagree". Niliomba mapema nilitafsiri kwa Kiswahili, nikaambiwa risechi ya Kiingereza hufanywa kwa Kiingereza. Hebu tulieni hapo kidogo. Tunachunguza kwa nini mtoto hajui Kiingereza, na tunamuuliza kwa Kiingereza!

Nimegawa karatasi, darasa kimya. Dakika tano hakuna kalamu iliyogusa kitu. Dada mmoja dawati la mbele akapiga vema safu ya kwanza yote kutoka juu hadi chini. Jirani yake akachungulia, naye akapiga vivyo hivyo. Ikaenda kama moto wa nyasi mpaka dawati la nyuma. Nikasimama pale nashuhudia data yangu inavyozaliwa.

Matokeo: watoto 47 kati ya 62 wanakubali kabisa kwamba wana vitabu vya kutosha vya Kiingereza. Wakuu, vitabu vilivyokuwepo mle darasani ni 9. Nilivihesabu mwenyewe, kimoja hakina jalada.

Nikaandika ukweli kwenye sura ya nne. Kwamba dodoso halikueleweka, walinakiliana, na vitabu ni 9. Leo nimerudishiwa rasimu, baada ya wiki saba, aya hiyo imepigwa mstari mwekundu kotekote. Pembeni: "Ondoa, inapingana na data." Nikauliza, mheshimiwa, data ni ipi, vema za kuigizana au vitabu nilivyovishika kwa mkono? Akaniambia nisijiharibie, nifanye chi-square, kile kipimo cha takwimu, kwenye hizo 47, niandike kwamba vitabu si tatizo, nibaindi, nigradueti.

Yaani niandike vitabu si tatizo. Mimi niliyewaona watoto wanane wameinamia kitabu kimoja.

Wenzangu wamelipa vijana wa steshenari pale getini, hawajakanyaga shule yoyote, na rasimu zao zimepita bila wekundu hata wa nukta. Siwalaumu sana tena. Mimi bumu la risechi limeishia kwenye daladala na fotokopi.

NYONGEZA: Kwa mliokuja mbio na "lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, wazoee". Najua. Ila miaka saba ya msingi wamefundishwa kwa Kiswahili, na kidato cha pili ni mwaka mmoja na kitu baada ya hapo. Na hata kama wangepaswa kuelewa, hawakuelewa, nilikuwepo. Mtafiti anatakiwa apate jibu la mtoto au apate vema?

Kuna mtu humu ambaye idara yake ya Kiingereza iliruhusu dodoso la Kiswahili? Nahitaji ukurasa wa mwongozo wenu, picha ya simu inatosha. Zile insha nilizikusanya kimyakimya siku ile ile, za watoto wote 74 pamoja na wale 12 wa dirishani, na ninazo kwenye begi hapa. Nina siku tisa, na Jumatatu narudi kwake.