Wawili kwenda Karibi kwa kifurushi cha kila kitu: Negril au Punta Cana, tukitokea Dar?

Mbweni_Pwani:
Habari wakuu. Tunapanga safari ya mume na mke, usiku 7, kwenye hoteli ya ufukweni ambayo chumba, chakula na vinywaji vinalipwa kwa pamoja. Tumebaki na sehemu mbili: Negril kule Jamaika, au Punta Cana, Jamhuri ya Dominika. Pasipoti zote mbili ni za Tanzania na hatuna viza ya nchi yoyote. Muda ni Agosti au Februari. Naomba kujua njia ya ndege na viza, hali ya bahari, na hicho "kila kitu" kinaishia wapi.

Tiketi_Posta:
Mkuu, chagua njia kwanza, hoteli baadaye. Wengi wanaanza na picha za bwawa, wanalipa hoteli isiyorudisha pesa, kisha wanakwama kaunta ya ndege hapo Terminal 3, uwanja wa Dar.

Jamaika haimdai Mtanzania viza ya matembezi. Jamhuri ya Dominika inaidai, ila mwenye viza hai ya Marekani, Uingereza, Kanada au Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya) anaingia bila viza yao. Halafu angalieni jina kwenye tiketi: kisiwa cha Dominika ni nchi nyingine kabisa.

Kikwazo kikubwa ni katikati ya safari. Kupita Marekani kunahitaji viza hata kama hutoki uwanjani. Uingereza nayo inamtaka Mtanzania awe na viza ya kupita, na ukishuka Heathrow ili upandie Gatwick, uwanja mwingine wa London, unavuka mpaka, kwa hiyo viza ya kubaki ndani ya uwanja haitoshi. Kupitia Amsterdam au Frankfurt ni rahisi zaidi, mradi tiketi iwe moja na mzigo uandikwe hadi mwisho wa safari. Mkikata tiketi mbili tofauti kwa sababu ya bei, mtalazimika kutoka kuchukua mabegi, na hapo mnahitaji Schengen ya kuingia mara mbili: kwenda mara moja, kurudi mara moja. Watu wengi wanaomba ya kuingia mara moja, wanakwama wakati wa kurudi.

Kwa hali yenu, bila viza yoyote, Negril kwa tiketi moja kupitia Ulaya bara ndiyo njia nyepesi. Mkiamua kuomba Schengen, Punta Cana nayo inafunguka kwa viza hiyo hiyo. Kabla ya kulipa, mwombeni wakala asome masharti ya kila kituo kwenye mfumo wa shirika la ndege, kwa sababu ndiyo atakayoyasoma mtu wa kaunta.

Kadi ya njano ya homa ya manjano mbebe, wote wawili. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, hivyo msichome wiki ya safari. Fomu za kuingia za nchi zote mbili zinajazwa mtandaoni bure. Tovuti inayodai malipo siyo ya serikali.

Kusi_na_Kaskazi:
Agosti achaneni nayo. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni katikati ya Agosti hadi Oktoba. Beryl ilipiga kusini mwa Jamaika Julai 2024, na Melissa ikaingia magharibi ya nchi hiyo hiyo Oktoba 28, 2025 ikiwa daraja la 5, la juu kabisa. Bei ya Agosti ni ya chini kwa sababu hiyo. Februari ni kiangazi, ila ni msimu wa bei ya juu, basi wekeni nafasi mapema.

Jambo la pili ni upande wa pwani. Kule upepo unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Punta Cana inatazama mashariki, ni kama Paje: mawimbi, na mwani unaletwa ufukweni. Mwani wenyewe ni sargasamu, wa kahawia, una vipovu vidogo kama punje za pilipili manga. Umekuwa ukija kwa wingi tangu 2011, hasa kuanzia Machi au Aprili hadi Agosti. Ukilundikana na kuoza unatoa harufu ya yai viza, na vyuma vya vyumba vya mbele vinachakaa. Negril inatazama magharibi, kama Kendwa: maji yametulia na jua linazama baharini mbele yenu. Kupwa na kujaa ni kidogo mno, mara nyingi chini ya nusu mita, kwa hiyo hamtakuta bahari imekimbia asubuhi.

Bangili_ya_Mkono:
Kwenye "kila kitu", someni mkataba mstari kwa mstari. Kwa kawaida ndani yake kuna milo, vinywaji vya kawaida, kayaki na michezo isiyo ya injini. Nje yake kuna spa, mvinyo wa chupa, safari za boti na mara nyingine kamba kochi. Usafiri wa uwanjani ulizeni kwa maandishi: kutoka Montego Bay, mtakakoshukia ndege, hadi Negril ni kama saa moja na nusu barabarani.

Bei nyingi ni kwa mtu kwa usiku. Ukiona dola 180, zidisha kwa 2 kisha kwa 7: ni 2,520, siyo 1,260.

Migahawa ya kuagiza mezani hujaa. Wekeni nafasi za wiki nzima siku ya kwanza, kabla hata ya kufungua mabegi. Jioni mwanaume anatakiwa suruali ndefu na viatu vya kufunika. Mwenye kandambili anarudishwa mlangoni. Chumba hutolewa saa 9 alasiri, hivyo nguo za kuogelea ziwe kwenye begi la mkononi.

Mbweni_Pwani:
Asanteni sana, tunaelekea Negril, Februari. Umeme je? Mke wangu ana pasi ya nywele.

Bangili_ya_Mkono:
Jamaika ni volti 110, plagi ya pini mbili bapa. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta tu. Pasi ya nywele ya 230V pekee itawaka taa lakini haitapata moto wa kutosha, na adapta haibadilishi volti. Shemeji aangalie maandishi madogo kwenye mpini. Yakisema 220–240V, aiache nyumbani.