Nafundisha Kiingereza watu wazima wanaozungumza Kihispania, kipindi cha mtandaoni kinanishinda

Binti_Pangani
Wakuu shikamooni, na rika langu mambo. Niko Houston, najitolea kufundisha Kiingereza maktaba ya mtaani. Wanafunzi wanatoka Mexico, Honduras na El Salvador: wapaka rangi, wapishi, mama mmoja anasafisha vyumba hotelini. Jumanne tunakutana ana kwa ana, Alhamisi tunaingia Zoom.

Jumanne wanakuja 14, vicheko tupu. Alhamisi wanaingia 5, kamera zimezimwa. Juzi mmoja alikuwa anaendesha gari kutoka kazini, nasikia indiketa tu, tik tik tik. Naongea peke yangu kama redio. Siku ya pili ukumbini hatupewi. Niifute Alhamisi?

Bibi_Karafuu
Usiifute mwanangu. Umelichukua darasa la Jumanne ukalipachika kwenye simu. Mtu kabeba mbao tangu alfajiri, saa 1 usiku atatazama slaidi lisaa zima? Nilipofundisha wageni Kiswahili niliacha vikao, nikatuma sauti ya dakika 2 WhatsApp. Wananijibu kwa sauti kabla ya kulala. Tukikutana, tunaanzia kwenye zile sauti.

mzee_wa_gati
Na makosa utayapata mezani yamejipanga. "Eschool", "estop"...

Binti_Pangani
😂 Na "I have 40 years"! Siwezi hata kuwacheka, na mimi nilianza hivyo hivyo: nina miaka 40, basi "I have". Halafu siku projekta ilipogoma nikasema "I'm embarrassed", yaani naona aibu, akina mama wakanipongeza. Kumbe kwao *embarazada* ni mjamzito.

Msomi_Nakuru
Dada, una bahati hujui. Kihispania kina irabu 5 kama sisi, ndiyo maana *ship* na *sheep* kwao ni neno moja. Hilo usilifundishe kwenye spika ya simu. Wakuone mdomo, Jumanne. Msamiati na kusikiliza wapeleke nyumbani. Kuna tovuti ya kujifunzia Kiingereza, USA Learns, ni bure na inafunguka kwenye simu.

Kaka_Mbishi
Mimi na Bibi tunapishana kidogo. Sauti mtu anairekodi mara 6 mpaka inyooke, halafu mbele ya bosi anababaika. Zoom ibaki, ila dakika 20, wawili wawili, na saa wapange wao.

Bibi_Karafuu
Hapo kwenye wawili wawili nakuunga mkono.

Binti_Pangani
Ahsanteni. Jumanne nawauliza wenyewe.

Binti_Pangani
MREJESHO: Wamekubali sauti, na Zoom ya wawili wawili Jumapili mchana, maana Alhamisi wengi wanaingia zamu ya usiku. Sikuwahi kuuliza, aibu yangu. Wiki hii nimepokea sauti 11. Yule wa gari naye katuma, indiketa ikiwa nyuma yake, nikamjibu asubiri apaki kwanza. Mama wa hotelini katuma sekunde 9: "I am forty-six years old." Halafu kacheka.