Amiloidi ya ngozi hutoka wapi?

Swali: Habari zenu. Mama yangu ana mabaka ya kahawia mgongoni, yenye mistari kama mawimbi ya mchangani, na kipimo cha kinyama kimeonyesha amiloidi, yaani protini zilizojikunja vibaya na kurundikana. Je, inatoka kwenye damu?

Jibu: Pole kwa mama, ndugu. Mabaka ya aina hiyo hutokana na ngozi yenyewe: kujikuna kwa muda mrefu huua seli za tabaka la chini la ngozi ya juu, na keratini zake (protini ngumu za ngozi), hasa keratini 5, huangukia ngozi ya ndani, zikajikunja vibaya na kuwa nyuzi ambazo mwili hushindwa kuziondoa.

Jibu: Naongeza kwamba baadhi ya familia hurithi hitilafu ya jeni ya OSMR, inayohusika na muwasho. Amiloidi ya ngozi inayotokea kama vinundu, si mabaka, ni habari nyingine, kwani hiyo hutokana na kingamwili za seli za plazima (seli za kinga zinazotengeneza kingamwili). Hapo damu ichunguzwe.

Jibu: Tafadhali, kama mama hujisugua kwa dodoki la nailoni, aliache leo, maana kusugua huumiza ngozi kama kujikuna.