Mafundi umeme wa magari mnatumaliza! Gari haipigi stata, nimeuziwa betri, nimeuziwa stata, kidogo niuziwe na kontroli boksi

Wakuu habari za jioni. Nitaandika ndefu na nitaandika vibaya, mnisamehe, hapa nilipo nina hasira hadi mikono inatetemeka.

Nina Toyota IST, old model, injini ya 1NZ, naifahamu vizuri kwa sababu niko nayo mwaka wa sita na haijawahi kunisumbua zaidi ya bushi na mkanda. Wiki tatu zilizopita asubuhi natoka Mbezi nakwenda kazini, nazungusha funguo, inalia ta-ta-ta-ta-ta chini ya boneti basi. Injini haizunguki hata kidogo. Nikarudia, ta-ta-ta-ta. Sasa naomba mkumbuke kitu kimoja maana ndio kesi yote iko hapo: taa za dashibodi zilikuwa zinawaka kweupe kabisa, redio inapiga, honi inalia kama ya basi la mkoani, na nikizungusha funguo taa HAZIFIFII.

Nikamwita fundi wa kwanza, kijana wa hapa jirani, akafika na bisibisi moja mfukoni. Bisibisi moja wakuu. Akasikiliza ule mlio mara moja, "bosi hiyo betri imekufa". Nikamwambia mbona taa zinawaka vizuri, akasema taa zinakula umeme mdogo, stata, ile mota ya kuzungusha injini, inakula mkubwa. Kweli, hilo hata mimi najua, lakini betri ikiwa imechoka halafu stata ikaivuta, si taa zingefifia zote hadi zizime? Akaniangalia kama nimemtukana. Nikanunua betri, 180,000, ile ya zamani akaichukua yeye kwa 20,000 kwamba ni chuma chakavu. Na elfu 10 ya ufundi. Kufungua nati mbili elfu 10. Gari ikawaka. Mimi nikajiona mjinga kwa kubisha.

Siku nne.

Siku ya tano niko sheli, nimeshajaza mafuta, nyuma yangu foleni ya bajaji na daladala moja, nazungusha, ta-ta-ta-ta. Konda wa ile daladala alinisema maneno siwezi kuyaandika hapa. Tukaisukuma pembeni (IST ni automatiki, usijidanganye utaiwasha kwa kusukuma), nikamwita fundi wa pili, huyu ana gereji yake kabisa Ilala, watu wanamsifia. Akaingia chini na nyundo, akaigonga stata kama mara tatu, akasema washa. Ikawaka! Akatoka kule chini anafuta mikono kama daktari aliyemaliza operesheni, "umeona? stata imekwisha, kaboni zimeliwa". Na kwa kweli kugonga stata ni kipimo kinachojulikana, kaboni (vile vipande vya kupitisha umeme ndani ya stata) zikiisha ukigonga zinashika kidogo, sikatai. Stata ya mtumba 130,000, ufundi 30,000. Nikaomba stata yangu ya zamani, akasema iache tutaitoa kaboni zake baadaye uje uchukue. Nikaiacha. Hapo ujinga ulikuwa wangu.

Ikaenda wiki nzima, halafu juzi Jumapili nyumbani kimya kimya, ta-ta-ta. Fundi wa tatu akaja na mashine ya kupimia gari, ile ya kuchomeka chini ya usukani, elfu 30 hata kabla hajafungua mlango. Mashine ikasema hakuna kosa lolote. Sasa mtu mwenye akili akiambiwa hakuna kosa si angetafuta kwingine? Huyu akasema, "basi itakuwa kontroli boksi, kompyuta ya gari, ndio maana haisomi". Laki tatu na nusu, ana moja kwa rafiki yake Gerezani. Nikamwambia asante kaka, acha nijipange.

Kilichoniokoa ni mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, zamani alikuwa anaendesha malori ya Tunduma. Nilimpa shikamoo tu akaniuliza gari vipi, nikamhadithia. Akauliza swali moja: "taa zinafifia ukipiga stata?" Nikasema hapana mzee. Akasema nenda kalete waya za kubusti. Nikaleta. Akachukua waya mweusi peke yake, kichwa kimoja akabana kwenye hasi ya betri, kingine akabana kwenye chuma cha injini, pale penye ndoano ya kunyanyulia injini. Washa kijana. Ikazunguka nusu funguo ikaunguruma!! Akatoa ule waya, akaniambia zima, washa tena. Ta-ta-ta-ta. Akaurudisha. Ikawaka. Mzee anacheka tu.

Ni ethi wakuu. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri. Ule unaotoka hasi ya betri una matawi mawili, moja linafungwa kwenye bodi, jingine linashuka hadi kwenye gia boksi, iliyoshikana na injini, na hapo ndipo stata inapata hasi yake. La bodi lilikuwa zima ndio maana taa na honi vilikuwa fresh. La kwenye gia boksi nililifungua jana kwa mkono wangu, bolti ina unga wa kijani pande zote, waya wenyewe ndani ya plastiki umekuwa mweusi na nyuzi kama nusu zimekatika, ukiukunja unasikia unakwaruza kama mchanga. Na kila fundi alipogusa pale, iwe anatoa kichwa cha betri, iwe anagonga nyundo, waya ulikuwa unatikisika unashika kwa siku kadhaa, gari inawaka, yeye anakula hela.

Nilikwenda nikanunua mita ya 25,000 kwa hasira tu, kabla sijausafisha ule waya. Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12.6. Mke wangu akipiga stata inabaki juu ya 12, yaani tatizo si betri, kama ingekuwa imekufa ingeporomoka hata chini ya 9. Nikaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye injini, akapiga stata tena: inaruka ruka kwenye 6 hadi 7. Pale inatakiwa isifike hata nusu volti! Nusu ya umeme wangu inaishia kwenye bolti yenye kutu. Msasa wa buku, nikabadilisha na waya, sasa inasoma 0.2.

Dakika kumi hazijafika. Mafundi mlioko humu, kwa nini hambebi mita? Na msiniambie kila gari na ugonjwa wake, najua, ikinyamaza kimya kabisa unaangalia fyuzi, rilei, unajaribu kuweka gia kwenye N uone kama ni ile swichi ya gia, unapima kama waya mdogo wa stata unapata 12 funguo ikizungushwa. Ikigonga "ngo" moja nzito mara nyingi ni stata yenyewe, zile kopa za ndani za kuunganisha umeme, au injini imekamata, shika spana zungusha puli ya kranki uone. Vyote hivyo ni KUPIMA. Nyie mnasikiliza mlio mnataja bei.

360,000 imekwenda. Leo nimerudi gereji ya Ilala, yule bwana ananijibu huku anakula chipsi, "bosi lakini si iliwaka?" Na stata yangu orijino, Denso iliyokuja na gari kutoka Japani, ameshaiuza! Hii aliyonifungia kila asubuhi inalia kama mbuzi anachinjwa.

Mwaka jana nilizipaka bolti za stata yangu rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, kwa sababu nawajua watu wa gereji. Kama kuna mtu kafungiwa stata ya mtumba Ilala wiki hizi mbili, naomba ainame achungulie chini, akikuta rangi nyekundu anicheki PM. Sitagombana na wewe mkuu, nataka tu ushahidi, kesho saa 3 nakwenda kwake na mjumbe.