Tupeane uzoefu: ulienda kutengeneza kucha, ukarudi unanuna

Mleta mada
Habari za jioni wapendwa. Naandika hii kwa dole gumba, vingine vinauma.

Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wangu. Nikapata saluni moja Sinza niliyoiona Instagram, picha zinang'aa balaa. Nikatuma elfu 10 ya kushika nafasi, nikaambiwa njoo saa nne. Nimekaa mpaka saa saba. Fundi anaingia na chipsi mayai mkononi, hata pole hakuna.

Akaanza na ile mashine ya kusagia. Jamani! Kasaga kucha yangu mwenyewe mpaka nikasikia moto. Nikamwambia dada, inaunguza. "Vumilia, urembo una gharama." Akakata ngozi ya pembeni, damu ikatoka, akafuta na pamba akaendelea na kikasi kile kile alichotoka kumkatia mteja mwingine. Hapo ningenyanyuka, ila pesa ilishatoka na shughuli ni saa kumi na mbili.

Niliomba rangi ya ngozi, nikapewa pinki ya ubuyu. Eti taa ndiyo inaidanganya. Jumla elfu 45. Ukumbini napakua pilau, kucha ya kidole cha shahada ikabaki kwenye hotpoti. Aliyeiona ni shangazi. Alichosema siandiki hapa.

Haya, na nyie semeni.

Mama Wawili, Tanga
Pole shosti. Mimi walinibandua kucha za bandia bila kulowekwa. Kachomeka kitu chini ya kucha, akakwanyua, ikatoka na tabaka la kucha yangu. Kucha ya mkono inaota kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hiyo nimekaa karibu nusu mwaka kuiona nzima tena. Kukamua ndimu ndiyo usiniulize.

Mzee wa Stendi
Mimi mwanaume, msicheke. Wale vijana wanaopita na kikapu cha rangi, mmoja akanishawishi anisugue miguu, elfu 2 tu. Beseni lile lile, jiwe lile lile, maji sikuuliza. "Bosi, hii kucha imeingia nyamani, nikutolee?" Nikamwachia. Dole gumba la mguu likatunga usaha, nimechechemea wiki mbili. Mke wangu bado anauliza nani alinituma.

Fundi Kucha, Arusha
Wateja nao wana yao, anakuja na picha ya elfu 60 na bajeti ya elfu 15. Ila kifaa chenye damu hakitumiki kwa mtu mwingine mpaka kioshwe na kuuliwa vijidudu, hilo halina mjadala. Na jeli mbichi, ile rangi ya kucha kabla haijakaushwa kwenye taa, isiguse ngozi. Ikigusa kila mara, au ikiwa haikaushwi vizuri kwenye taa, ndiyo inaleta aleji: muwasho, vidole kuvimba, hata kope kuwasha. Aleji hiyo ukishaipata huwa haikuachi, na kemikali za jamii ya hiyo jeli zipo pia kwenye dawa za kuzibia meno. Ulaya wameshapiga marufuku TPO, kiambato kimoja cha jeli, tangu Septemba 2025. Huku kwetu chupa nyingine nanunua Kariakoo hazina hata orodha ya kilichomo, narudisha.

Mama Wawili, Tanga
Fundi, na kuchelewesha watu masaa matatu je?

Fundi Kucha, Arusha
Hapo sina utetezi dada.

Bi Mdogo, Mombasa
Yangu si kucha, ni piko. Ilikuwa harusi ya binamu, fundi akachanganya kanta ya nywele ili ikolee haraka. Usiku mkono ukawaka, asubuhi malengelenge yamefuata maua yote, jani kwa jani. Yamepona lakini alama zipo. Nikiulizwa nasema ni tatuu.

Mleta mada
Mrejesho: nimewaandikia wale wa saluni. Wamejibu nirudi wanibandikie hiyo moja iliyotoka, elfu 5. Sirudi. Nataka kuzitoa zote mwenyewe nyumbani, nafanyaje?

Fundi Kucha, Arusha
Punguza juu kwa tupa taratibu. Pamba yenye asetoni, zungushia foili, subiri dakika 15, zikikataa ongeza muda. Usikwanyue, na usibandue kwa meno.

Mleta mada
Kwa meno nilishabandua mbili.