Gari la dhahabu lina polisi wenye bunduki, liliporwaje?

Masasi Yetu:
Wakuu habari za asubuhi. Nimesoma habari za watu kukimbilia dhahabu Australia enzi za ukoloni wa Mwingereza, nikakuta tarehe 15/6/1862 gari la farasi lililotoka Forbes kwenda Orange, ndani kuna polisi wanne, lilivamiwa pale Eugowra Rocks zikachukuliwa kama wakia 2,700 za dhahabu na keshi maelfu ya paundi. Naombeni mnieleweshe, polisi wana bunduki wanashindwaje? Nauliza kwa sababu nimewahi kusindikiza hela za korosho toka mjini kwenda vijijini enzi zile za kulipwa mkononi, na hofu yake ninayo mpaka leo.

Mwana Mikindani:
Mkuu tatizo ni njia. Genge la Frank Gardiner liliwateka kwanza wenye mikokoteni ya ng'ombe wakaziba nayo barabara, gari ikabidi lipunguze mwendo lipite karibu na miamba, kumbe wenyewe wako hukohuko wamejipaka nyuso masizi, wakafyatua kwa mpigo. Sasa umekaa ndani ya gari humuoni mtu unampiga nani? Polisi wawili wakajeruhiwa, farasi wakashtuka wakatimua mbio gari likapinduka. Karibu nusu ya dhahabu ilipatikana baadaye, lakini kinachoniuma mimi ni kwamba tarehe 20/7/1853 msafara wa dhahabu wa machimbo ya McIvor, hukohuko Australia, ulishaporwa hivyohivyo, magogo njiani na watu wamejificha pembeni. Miaka tisa kabla!

Dada wa Ruangwa:
Naongezea, yupo aliyeweza. Polisi Alexander Tolmer mwaka 1852 alitoka Adelaide mpaka machimbo ya Mount Alexander, akarudi mwezi wa tatu na shehena ya dhahabu salama salimini. Wanaume wa Adelaide walikuwa wamehamia machimboni na mji umekauka hela, kwahiyo ile dhahabu ndo ilirudisha uhai. Mimi kaka yangu anachimba huku kwetu, anabeba mzigo wake mfukoni peke yake kwenye bodaboda usiku, silali mpaka apige simu.

Masasi Yetu:
Asanteni sana ndugu zangu, mwili umenisisimka. Sisi tukikuta mti umelala barabarani tulikuwa tunashuka WOTE kuusogeza, hela tunaziacha ndani ya gari, na hakuna hata siku moja bosi alituambia mmoja abaki anaangalia vichakani. Dada mwambie kaka asitembee usiku.