Kambare wa sebuleni: turuhusu au tuzuie?

Mwana Kibirizi (mleta mada), Kigoma
Wakuu, habari za jioni. Mtindo wa kufuga kambare kwenye tenki la kioo naona unashika kasi hapa mjini. Juzi niliingia mgahawa mmoja Mwanga, kaunta ina tenki la futi nne na kambare mmoja ndani, kichwa kipana kama koleo. Akitaka kugeuka anajikunja mpaka mkia unasugua kioo. Pua imechubuka imekuwa nyeupe, na sharubu za upande mmoja zimebaki vishina. Wateja wanampiga picha.

Msimamo wangu: kambare mkubwa asifugwe ndani ya nyumba, na halmashauri itunge sheria ndogo. Leteni hoja, matusi hapana.

Fundi Vioo, Gungu
Mkuu, unagusa riziki za watu. Mteja anakuja na kambare wa urefu wa kidole, mimi namtengenezea tenki, kosa liko wapi? Tena kambare hadekezwi. Umeme ukikatika pampu ikazima, samaki wengine wanaanza kufa. Yeye anapanda juu, anameza hewa, maisha yanaendelea. Kiangazi anabaki hai kwenye tope ambalo sato hawezi kukaa. Leo maji safi ndiyo yamtese?

Na pale sokoni mnamgonga rungu la kichwa mbele ya watoto, sijasikia mtu akilia.

Mwana Kibirizi
Hoja ya rungu ni nzito, siikwepi. Ila rungu ni dakika moja, tenki ni miaka. Ile hewa anayomeza inamwokoa asikose pumzi, haimwondolei amonia inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, na hiyo ndiyo inayounguza mashavu yake ya kupumulia. Piga hesabu, fundi: tenki la mita moja kwa nusu kwa nusu ni lita 250. Kambare akipata chakula na nafasi anapita mita moja. Huyo wa kidole uliyemtengenezea atakaaje humo?

Mama Ujiji
Mimi Msabato, samaki asiye na magamba haingii jikoni kwangu, kwa hiyo simtetei kambare kwa njaa 😄 Lakini jirani yetu anaye mmoja, na wanangu wamejifunza mengi kwake. Mchana amejibanza chini ya bomba la plastiki hatikisiki, taa zikizimwa anaanza kuzunguka akipapasa chini kwa sharubu. Mtoto wa mjini anamjua samaki wa kukaanga tu. Mkizuia, wataona wapi?

Mwana Kibirizi
Dada, wafugie gogogo wadogo, wale samaki wa sharubu wasiokua sana kama kambare. Ziwa letu lina yule mwenye madoadoa anayechanganya mayai yake na ya samaki wanaoatamia mdomoni, akalelewa watoto bure. Watacheka mpaka basi, na tenki la futi nne linamtosha.

Mtu wa Igombe, Tabora
Huku kwetu mjomba alimfuga. Usiku wa mvua kambare akasukuma kifuniko, tukamkuta mlango wa uani, mzima kabisa, anajivuta kwa ile miiba ya mapezi. Mkifuga wekeni tofali juu. Alipozidi ukubwa mjomba akaenda kumwachia bwawani Igombe, akaishi kwa raha zake.

Mvuvi Mstaafu
Hapo kwa mjomba ndipo kwenye hatari, kuliko hata hiyo pua iliyochubuka. Samaki aliyekaa tenkini anaweza kubeba vimelea na magonjwa, na vifaranga vya kununua huwezi kujua mbegu imetoka wapi. Msiseme kambare ni wa kwetu kwa hiyo hana madhara. Huyu huyu wa Afrika alipelekwa India kwa ufugaji, akatoroka akawa anawala samaki wa kule, mpaka serikali yao ikapiga marufuku kumfuga mwaka 2000. Akikushinda, mpe mwenye bwawa la kufugia au mle. Ziwani na bwawani usimrudishe.

Na wanaotamani singa ndiyo wasithubutu. Yule ni wa maji ya kina, anafanana na kambare ila kumeza hewa hajui kama kambare.

Fundi Vioo
Sawa, la kuachia samaki nimekubali, nitawaambia wateja. Lakini sheria ya kuzuia moja kwa moja sitaki. Iseme tenki liwe angalau mara tatu ya urefu wa samaki, upana usipungue urefu wake ili ageuke. Mwenye nafasi na pesa ajenge.

Mwana Kibirizi
Kwa kipimo hicho kambare wa nusu mita anadai tenki la mita moja na nusu kwa nusu mita, na mwakani atadai jingine. Ila hapo tunakaribiana. Sasa nani atapita na futi kupima: afisa uvuvi, daktari wa mifugo au mtendaji wa kata?

Mama Ujiji
Mtendaji wetu? Ataondoka na kambare.